Karata za Kukwepa Bili

Mjini Irbid walikuwepo watu wa kila aina, lakini wa kuacha mambo katikati alikuwa mmoja tu, naye ni Wasfi. Alisomea diploma ya upimaji wa ardhi mpaka nusu, akatoka akijua kupima kiwanja upande mmoja. Ukuta wa sebule ya mama yake una rangi mbili kwa sababu siku moja alijitolea kuupaka. Alijaribu hata kufuga ndevu. Za kushoto ziliota, za kulia zikaomba udhuru.

Hayo hayakuwa matusi ya majirani. Aliyasema mwenyewe, tena mapema, kwa imani kwamba mtu akijitukana kwanza, watu watabaki na kazi ya kumfariji. Watu hawakumfariji. Walicheka, kisha wakaongeza yao.

Mchezo wake wa karata ulizaliwa mgahawani. Mjomba wake Nawaf, mwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini Aqaba, alikuja Irbid akaichukua familia nzima kwenda kula katika Barabara ya Chuo Kikuu. Kwenye meza ya jirani walikuwepo Abu Ghalib mchapaji na mkewe. Wakasalimiana, meza zikaunganishwa, mansaf ya wali na nyama ikaliwa, kunafa tamu ya jibini ikafuata. Bili ilipoletwa, vita ikaanza.

Abu Ghalib alimkamata mhudumu aproni. Mjomba Nawaf, mwenye kifua kama kabati la nguo, alimkamata Abu Ghalib ukosi, huku akimbusu bega ili isionekane ni ugomvi. Mhudumu akawa anapita mkono hadi mkono kama mtoto wa arobaini.

"Mke wangu ameachika kama utalipa wewe," akaapa Abu Ghalib.

Mkewe alikuwa amekaa pale pale, akaendelea na kunafa yake. Alishaachwa namna hiyo katika kila mgahawa wa kaskazini mwa Jordan, na hata siku moja hakuwahi kukosa usafiri wa kurudi nyumbani na mumewe.

Wasfi alikaa mikono katikati ya magoti. Mfukoni alikuwa na kitana na tiketi ya basi iliyokwisha tumika. Akawatazama wale wazee wanavyovutana, akajiambia: huu ni mchezo wa kuigiza. Moyoni kila mmoja wao anaomba mwenzake ashinde. Wasfi, ambaye maisha yake yote hajawahi kushika bili ila kumsogezea mwenzake aione vizuri, aliamini kwa dhati kwamba binadamu wote wameumbwa kama yeye, tofauti ni kwamba wengine wana aibu.

Akarudi nyumbani, akachukua ramani zake za chuo ambazo hakuwahi kuzimaliza, akazikata vipande vya ukubwa wa kiganja. Nyuma ya milima na mabonde akachora vyakula. Akachora na karata za visingizio: Simu Imelia, Naenda Kunawa Mikono, Mtoto Analia, na ile aliyoipenda kuliko zote, Pochi Nimeisahau. Kisha akachora karata moja kubwa, Bili yenyewe. Vyakula vinajaa mezani, bili inanenepa, na kila inayemfikia anatafuta kisingizio cha kumsukumia jirani. Karata ya Kahawa ikitoka, karamu imekwisha, na aliyebaki na bili ndiye aliyeshindwa. Akauita Bili Iko Wapi.

Aliujaribu kwa dada yake Darini na rafiki zake wawili. Wale mabinti walikuwa wanasomea sheria, kwa hiyo walidanganyana bila haya na kucheka mpaka wakakosa pumzi. Aliujaribu peke yake, akizunguka viti vinne, akishinda na kushindwa kwa zamu, na mara moja akajishuku kwamba anajiibia. Mwisho akauonyesha kwa wageni wa mama yake. Wakasema mashallah, Mungu akutie nguvu mikononi, halafu wakaulizia chai. Wasfi akahesabu hiyo kuwa ni utafiti.

Aliuza vyombo vyake vya kupimia ardhi, ambavyo hata hivyo yeye navyo walikuwa wakijuana kwa mbali tu, akapeleka kazi kwa Abu Ghalib.

Kiwanda cha Abu Ghalib huchapa mialiko ya harusi na matangazo ya misiba, na mara nyingine, kwa haraka, ya watu hao hao. Hakuwa na karatasi ya karata. Alikuwa na ile nene ya harusi, yenye kingo za dhahabu na harufu ya waridi. Kona zilitoka kali kama wembe, na kwa kuwa hakukuwa na mashine ya kuzizungusha, Wasfi na Darini walizipunguza moja moja kwa kikata kucha sebuleni, chini ya ule ukuta wa rangi mbili.

"Kanuni umezipitia?" aliuliza Abu Ghalib kabla ya kuwasha mtambo. "Mimi nikishachapa, hata maiti hafufuki."

"Chapa tu, ami."

Abu Ghalib akaisoma kanuni ya nne, ile ya mwenye bili kushindwa. Nyusi zikapanda, zikakaa huko juu kidogo, zikashuka. "Ajabu," akasema. Akawasha mtambo. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kutomsahihisha mtu aliyefiwa.

Mjomba Nawaf naye aliporudi Irbid alikuta maboksi yamejaa korido, akalazimika kupita ubavu kama kaa.

"Hivi hii ni biashara au ni kizuizi cha polisi?" akauliza.

"Ni mchezo, mjomba. Nimeuchapa."

"Na diploma?"

"Diploma tumeachana kwa wema."

Mjomba hakucheka. Akakaa, akamwita karibu. "Sikia, mtoto wa dada yangu. Ofisini kwangu Aqaba kuna meza, ina kiti, haina mtu. Alhamisi peleka huu mchezo kwa Abu Sanad. Akiuweka mkahawani kwake, barabara nzima itauweka, nami nitafunga mdomo. Akiukataa, Jumamosi asubuhi unapanda gari langu, na neno mchezo silisikii tena. Tumeelewana?"

Mama yake Wasfi hakungoja Alhamisi. Siku hiyo hiyo alishusha sanduku juu ya kabati akaanza kupanga.

"Mama, hata hatujajua."

"Najua, mwanangu. Napanga tu kwa ajili ya usalama." Akafunga mitungi miwili ya biringani za mafuta kwa gazeti, akaitia katikati ya mashati.

Wasfi hakuogopa Aqaba kwa ajili ya joto. Aliogopa kwa sababu alijua meza ile ingemfaa. Angeizoea, angenenepa, na kila Ijumaa angemwambia mtu kwamba zamani alikaribia kutengeneza mchezo wa karata. Alitaka kitu kimoja maishani kifike mwisho kikiwa mikononi mwake.

Alhamisi baada ya alasiri aliingia kwa Abu Sanad na boksi moja kwapani. Pale huchezwa karata kila siku, kwa ukali wa mahakama. Abu Sanad, mwenye masharubu mazito na uso usiokopesha, alilipokea boksi akalinusa.

"Mbona linanuka bi harusi?"

"Ndiyo karatasi iliyokuwepo, ami."

"Na itaniongezea nini mkahawani?"

"Watu watakaa sana."

"Watu wanakaa sana bila wewe. Tatizo langu ni kuwaondoa." Hata hivyo akavuta kiti. "Haya, gawa."

Wakakaa wanne: Abu Sanad mwenyewe, Mjomba Nawaf aliyekuja kuwa shahidi, Abu Ghalib aliyekuja kuona dhahabu yake inavyong'aa kwenye mwanga, na Haji Muflih, mkaguzi wa shule mstaafu ambaye hata chai huionja kana kwamba ataipa alama. Wasfi akachanga karata, akagawa, akaeleza kanuni huku sauti ikimtoroka.

"Bili ikikufikia, unamsukumia mwenzako. Unatoa kisingizio, yeye anaipokea."

"Unamsukumia?" akauliza Haji Muflih.

"Ndiyo, haji."

"Hata akiwa mgeni?"

"Yeyote yule, haji. Ni mchezo tu."

Haji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Vyakula vikaanza kushuka mezani: mansaf, kuku, kunafa, mansaf ya pili. Bili ikaangukia kwa Haji Muflih. Wakamngoja. Haji akazitazama karata zake kama mtu aliyepewa barua isiyo yake.

"Toa karata, haji," akasema Wasfi.

"Sina."

"Unazo tano."

"Mwanangu, nimesema sina."

Wasfi akainama nyuma ya bega lake. "Hiyo hapo, haji, ya pochi. Hiyo ndiyo kali kuliko zote."

Haji akageuka taratibu. "Tangu nimeota ndevu sijasahau pochi nyumbani. Nianze leo, mbele ya Abu Sanad?" Akaichukua ile karata, akaisukuma chini ya trei kama mtu anayeficha soksi iliyotoboka. Kisha akaiweka Bili chini ya sahani ya kikombe chake, akaigandamiza kwa kiganja. "Bili ni yangu. Nyinyi kuleni."

"Haiwezekani, haji," akasema Mjomba Nawaf, akanyoosha mkono.

"Mjomba, ukiichukua unashindwa," akanong'ona Wasfi.

"Nyamaza, usiniaibishe." Mkono ulikuwa umeshafika chini ya sahani. "Haji ni mkubwa wetu. Alipe yeye, mimi nimekaa hapa kama nani, paka?"

"Wewe ni mtu wa Aqaba, hapa ni mgeni," akadakia Abu Ghalib. "Mgeni halipi. Lete hapa."

"Mgeni? Nimezaliwa nyuma ya mkahawa huu!"

"Ulizaliwa, ukahama. Mke wangu ameachika kama utalipa wewe."

Abu Sanad akapiga meza. "Mkahawa wa nani huu? Mkilipa nyie ndani ya nyumba yangu, mimi nikauze nguo zangu?"

Wakawa wanne juu ya karata moja. Vikombe vikayumba. Meza za jirani zikaacha michezo yao, watu wakasogea na viti, na kabla chai haijapoa mkahawa ulikuwa umegawanyika: wa upande wa haji, wa upande wa Nawaf, na mzee mmoja ambaye hakujua kinachoendelea lakini alikuwa akijitolea kulipa yeye.

Wasfi alisimama pembeni na karatasi ya kanuni mkononi. Alikuwa ametunga mchezo ambao kila mchezaji anapigania kushindwa. Hata yeye, ambaye amewahi kufeli mitihani aliyopewa majibu yake, hakuwahi kufika kiwango hiki. Akaanza kuiona ile meza ya Aqaba, na kiti, na nyuma ya kiti kalenda ya kampuni ya meli.

"Tulieni," akasema Mjomba Nawaf kwa sauti ya mtu aliyepata wazo. Akarudi kitini, akachomoa karata mkononi mwake, akaiweka mezani polepole. Naenda Kunawa Mikono. "Samahanini, ndugu zangu. Mikono ina mafuta." Akachukua Bili chini ya kiganja cha Haji Muflih, akaitia mfuko wa shati.

"Hapana, mjomba," akasema Wasfi, "hiyo ni ya kukimbia bili. Unakwenda kunawa ili usiwepo wakati wa kulipa."

Mkahawa mzima ukamgeukia.

"Nani huenda kunawa ili akimbie?" akauliza Mjomba. Hakuwa amekasirika, alikuwa anashangaa kweli. "Mtu akisema anakwenda kunawa, amekwenda kwa keshia. Analipa kimya kimya, anarudi, anakaa. Kwani marehemu baba yako alikuwa akinawa mara ngapi kila tukila nje? Ulidhani ni mchafu?"

Wasfi alikuwa amedhani ni mchafu.

"Amenishika," akakiri Haji Muflih, na kwa mara ya kwanza akazitazama karata zake kwa hamu. "Subiri." Akatoa Simu Imelia, akamwekea Nawaf mbele ya kifua. "Nje. Mkeo anapiga."

"Sina simu hapa."

"Karata inasema inalia. Toka nje ukaongee. Na bili iache hapa, huwezi kutoka nayo."

Mjomba Nawaf, mtu mzima anayegombana na manahodha, akasimama, akaenda mpaka mlangoni, akaweka kiganja sikioni akaongea na mkewe asiyekuwepo. Haji akaitwaa Bili. Abu Ghalib akatoa Mtoto Analia, akamtuma haji kumbembeleza mjukuu. Abu Sanad akanawa mikono. Nawaf akarudi mbio kutoka mlangoni akilalamika kwamba mazungumzo yalikuwa mafupi. Hakuna aliyekuwa amewafundisha. Karata zilikuwa zile zile, zenye kona zile zile za kikata kucha, na kila moja ilifanya kazi vizuri kuliko Wasfi alivyoikusudia, ila kwa kinyume chake.

Kahawa ikatoka. Bili ilikuwa kwa Haji Muflih. Wengine watatu wakaguna kwa uchungu, na haji akatandaza ile karata kifuani, uso umemng'aa kama mtu aliyepata mjukuu wa kiume.

Abu Sanad akafuta jasho la masharubu. "Haya, mwenye mchezo. Kanuni zako zinasemaje? Nani kashinda?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwa Wasfi, imechapwa vizuri, kwa wino mweusi, na nakala yake imo ndani ya kila boksi lililoko korido. Kwa mujibu wake, haji ndiye aliyeshindwa. Hicho ndicho kilichokuwa kiini cha mchezo, ule ujanja wake aliojivunia, kwamba yeye peke yake amegundua wazee hawa ni wanafiki. Haji alikuwa akimtazama juu ya miwani, bado anatabasamu, lakini tabasamu limeanza kusubiri.

"Haji kashinda," akasema Wasfi.

Abu Sanad akampokonya karatasi, akaisoma kwa mbali kama wasomavyo wenye macho ya mbali. "Hapa pameandikwa kashindwa."

"Nimekosea, ami."

"Umekosea kuandika, au ndivyo ulivyowaza?"

Kudanganya kulikuwa rahisi. Angeweza kumtupia Abu Ghalib kosa la chapa, na Abu Ghalib, kwa adabu zake, angelibeba. "Ndivyo nilivyowaza," akasema. "Nilidhani kila mtu yuko kama mimi."

"Kwani wewe hujawahi kulipa bili?"

"Nimewahi kuiona."

Kicheko kilianzia nyuma, kwa wavuta shisha, kikaja mbele kikiangusha watu. Mjomba Nawaf alificha uso kwa mikono miwili, mabega yakimtetemeka, na haikujulikana kama ni kwa kicheko au kwa aibu ya ukoo. Abu Sanad peke yake hakucheka. Alikuwa anahesabu meza zilizobaki tupu kwa sababu watu wote walikuwa wamejazana kwenye hii moja, na wahudumu waliokuwa wakikimbizana na chai.

"Na hii ya pochi?" akauliza, akiivuta chini ya trei kwa ncha ya kidole.

"Hiyo iwe balaa," akasema Haji Muflih. "Kila mtu aisukume kwa mwenzake. Atakayebaki nayo kahawa ikitoka, huyo ndiye aliyeshindwa, na aitwe kwa jina hilo mpaka Alhamisi nyingine."

"Niletee maboksi," Abu Sanad akamwambia Wasfi. "Lakini karatasi hii iondoke. Mgeni akiisoma atadhani nimefungua pango la wezi. Na wewe uwe unakuja kila Alhamisi kuamua, maana hawa watauana."

"Niamue kwa kanuni zipi?"

"Zao. Zako zimeshaonekana."

Ijumaa baada ya swala Abu Ghalib alifungua kiwanda kwa ajili yake. Karatasi mpya za kanuni zingechukua siku nyingi, kwa hiyo akashauri kipande kidogo cha masahihisho kitiwe ndani ya kila boksi. Akakichapa kwa umbo lililokuwa tayari kwenye mtambo, lile la misiba lenye fremu nyeusi, na kwa mazoea akaanza na maneno aliyoyazoea. Wasfi alipokisoma, kilisema kwamba kwa masikitiko makubwa na kwa kuridhia amri ya Mola, kanuni ya nne imetutoka, na nafasi yake imechukuliwa na kanuni ifuatayo. Akataka kukikataa. Akakisoma tena, akaona ndicho kitu pekee katika boksi zima kilichoandikwa vizuri. Akamwambia achape.

Jambo alilokuwa halijui bado ni kwamba mjini mchezo ulikwisha pata jina jingine. Hakuna aliyeuita Bili Iko Wapi. Waliuita mchezo wa Nawaf.

"Yaani wewe umechora, mimi nimekata kona mpaka kikata kucha kimesahau kazi yake," Darini akalalamika, "halafu wa Nawaf?"

"Angalau umemalizika," akasema Wasfi.

"Na nani?"

Wasfi akaendelea kutia vipande vya msiba ndani ya maboksi.

Jumamosi asubuhi honi ililia chini. Mama yake, ambaye hadithi ya Alhamisi alishaisikia kwa majirani watatu, kila mmoja na yake, hakuwa na hakika ipi ni ya kweli, kwa hiyo sanduku lilikuwa mlangoni limefungwa kamba. Wasfi alishuka ngazi akijipangia maneno. Hakuwahi kumkatalia mjomba wake kitu chochote uso kwa uso. Desturi yake ilikuwa kukubali kisha kutofika.

Mjomba Nawaf alikuwa nyuma ya gari, buti wazi.

"Mjomba, mimi siendi."

"Kwani nani kakwambia twende? Abu Sanad kachukua, mimi nimefunga mdomo kama nilivyosema." Akanyoosha mkono. "Nataka maboksi manne. Aqaba kule nina mawakala wananialika chakula kila siku, kisha wananawa mikono mbele yangu kama mimi mjinga. Nataka wajue nimewajua."

Wasfi akaleta maboksi. Mama yake alikuwa ameshuka nyuma yake na lile sanduku, akihema, na alipoona hakuna anayesafiri akalitua chini, akalitazama, halafu akamtazama kaka yake.

"Hizo biringani zimefungwa za safari," akasema Mjomba Nawaf. "Haifai zirudi juu." Akafungua kamba, akachomoa mitungi miwili, mashati akamrudishia Wasfi mikononi, akaondoka.